Takwimu za Ajali za Barabarani Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamenifikia kwa njia nyingi: wanafunzi wanaoandika tasnifu, vijana wa kijiwe cha bodaboda, watendaji wa vijiji, na mtangazaji mmoja wa redio aliyetaka jibu la sekunde thelathini. Nimeyaweka pamoja ili nisiwe nayajibu upya kila wiki. Pale ninapotumia namba za kubuni kwa ajili ya mfano, nimesema hivyo.

Askari wa usalama barabarani wameshaandika chanzo cha kila ajali. Mtakwimu anaongeza nini?

Askari anashughulika na ajali moja. Anapima alama za matairi, anachora mchoro, anamtafuta wa kufikishwa mahakamani kwa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Kazi yake ni kujua nani amekosa. Mimi sina haja na aliyekosa. Nachukua ajali mia kwa mpigo na kuuliza zinafanana kwa lipi: saa, mahali, aina ya chombo, hali ya barabara, umri wa walioumia. Halafu nauliza swali gumu zaidi, ambalo wengi hulisahau: safari zile ambazo *hazikuishia* kwenye ajali zilikuwaje? Bila hizo huna cha kulinganisha.

Lakini si inajulikana? Chanzo kikubwa ni uzembe wa madereva.

Fomu ya polisi ina kisanduku kimoja cha chanzo, na kisanduku kimoja kinataka jibu moja. Sasa chukua ajali ya aina ninayokutana nayo sana. Fuso la magunia limekatika ekseli jioni, karibu na ghala la korosho. Utingo amevunja matawi mawili ya mkorosho na kuyalaza barabarani nyuma ya gari, kama ishara. Giza linaingia. Inakuja pikipiki yenye taa hafifu, imebeba mshikaki, yaani dereva na abiria wawili, na kofia ngumu ni moja tu, ya dereva, tena inaning'inia kwenye usukani. Matawi yameonekana ikiwa imeshachelewa.

Kwenye fomu: uzembe wa dereva wa pikipiki. Si uongo. Ila hesabu pamoja nami: lori halina pembetatu za kuakisi mwanga, barabara haina bega la kuegesha gari bovu, taa ya pikipiki ni mbovu, abiria hawana kofia, na hospitali iko mbali.

Daktari wa Kimarekani William Haddon alitengeneza jedwali la kupanga mambo haya, na bado linatumika dunia nzima. Mistari mitatu: kabla ya ajali, wakati wa ajali, baada ya ajali. Safu tatu: mtu, chombo, mazingira. Jaza vyumba vyote tisa kwa ajali moja tu unayoifahamu vizuri na utaona neno "uzembe" linakaa kwenye chumba kimoja. Vinane vilivyobaki ndivyo vyenye vitu vinavyorekebishika kwa bei nafuu. Pembetatu za kuakisi haziuzwi bei ya gari.

Kwa nini kila ukipewa idadi ya ajali unauliza "asili iko wapi"?

Kwa sababu ya hesabu za sehemu tulizofundishwa shule ya msingi: juu kiasi, chini asili. Taarifa nyingi za ajali zina kiasi tupu. "Wilaya fulani inaongoza kwa ajali." Inaongoza kwa kila watu laki moja? Kwa kila magari elfu? Kwa kila kilomita milioni zilizosafiriwa? Majibu hayo matatu yanaweza kutoa washindi watatu tofauti.

Kwa sensa ya 2022, Mtwara ina watu zaidi ya milioni 1.6 na Lindi karibu milioni 1.2. Ukigawa kwa watu, Lindi inaweza kuonekana mbaya kuliko wakazi wake wanavyostahili, maana barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mtwara inaipasua kutoka Somanga hadi Mingoyo. Basi la Mtwara likipinduka Nangurukuru, ajali inahesabiwa Lindi, ingawa huenda hakuna mtu wa Lindi ndani yake.

Asili nzuri ni wingi wa magari yanayopita, na hiyo haipatikani ofisini, inahesabiwa. Niliwahi kukaa siku nzima pale njia panda ya Mnazi Mmoja, Mingoyo, panapoachana njia ya Masasi na ya Mtwara, nikiwa na daftari na kalamu tatu. Safu ya mabasi, ya kosta na Noah, ya malori, ya bajaji, ya pikipiki. Vijiti vinne na cha tano kinalala juu yao. Mama aliyekuwa akiuza korosho za kukaanga kwenye vifuko alinitazama tangu asubuhi, mchana akashindwa kuvumilia: "Mwanangu, magari yamepotea hata unayahesabu?" Nikamwambia, "Hapana mama, nataka kujua yanayofika salama ni mangapi." Akacheka, akanipa kifuko kimoja cha bure. Mpaka leo sijapata maelezo mafupi zaidi ya asili ya takwimu za ajali.

Ile kona kila mwaka inaua. Wazee wanasema ina jini. Takwimu zinasemaje?

Swali hili nalipenda, na sitalicheka. Kila mtu hapa ana kona yake anayoijua, na anaposimulia hasimulii uongo: ajali zilitokea kweli, pale pale. Suala ni kama zimejirundika kupita kiasi ambacho bahati peke yake ingezirundika.

Mwaka 1898 mtakwimu Ladislaus Bortkiewicz alichapisha hesabu ya askari wa Prussia, ufalme wa zamani wa Ujerumani, waliouawa kwa mateke ya farasi. Alikuwa na vikosi kumi kwa miaka ishirini, yaani kumbukumbu 200 za kikosi kwa mwaka, na vifo 122. Katika kumbukumbu 109 hakuna aliyekufa. Katika 65 alikufa mmoja, katika 22 wawili, katika 3 watatu, na katika moja walikufa wanne. Ungekuwa kamanda wa kikosi kile cha wanne ungesema farasi wako wamelogwa. Lakini kanuni ya Poisson, inayoeleza matukio adimu yanayoangukia popote bila kupendelea, inatabiri karibu kabisa mgawanyo huo huo: takriban 109, 66, 20, 4 na moja au chini yake. Farasi walikuwa wa kawaida tu.

Sasa tulete huku. Kati ya Lindi na Mtwara kuna takriban kilomita 110. Zikate vipande 110 vya kilomita moja moja, kisha tubuni mwaka wenye ajali 67, na tubuni kwamba kila kilomita ina hatari sawa na mwenzake. Kwa bahati tupu utapata vipande kama 60 visivyo na ajali hata moja, 36 vyenye moja, 11 vyenye mbili, na viwili au vitatu vyenye ajali tatu au zaidi. Hivyo viwili vitatu ndivyo vitakavyopewa jini.

Je, hakuna kona mbaya kweli? Zipo. Kona kali baada ya mteremko mrefu, mahali mchanga unaposombwa na mvua ukatanda juu ya lami, kijiji kilichokua pande zote mbili za barabara. Namna ya kuzitambua ni kuangalia miaka kadhaa. Kona iliyobeba ajali nyingi mwaka huu na ikabeba nyingi tena miaka mitatu mfululizo ina ubaya wake. Iliyowika mara moja ikanyamaza ilikuwa farasi wa Prussia.

Tuliweka bango la tahadhari na mwaka uliofuata ajali zilipungua. Huo si ushahidi?

Ni ushahidi dhaifu kuliko unavyoonekana. Bango liliwekwa wapi? Mahali palipokuwa na mwaka mbaya. Na mwaka mbaya, kwa sehemu, ulikuwa mbaya kwa bahati. Mwaka unaofuata bahati ile mbaya haina sababu ya kurudi, kwa hiyo idadi inashuka yenyewe kuelekea wastani. Mwingereza Francis Galton aliliandika jambo hili mwaka 1886 baada ya kupima urefu wa wazazi na watoto wao: wazazi warefu sana, watoto wao huwa warefu lakini si kwa kiasi kile.

Ndiyo maana bango, doria ya ghafla na hata kisomo kwenye kona vyote huonekana vimefanya kazi. Dua isomwe, sina ugomvi nayo. Ila ukitaka kujua bango limefanya nini, tafuta kona nyingine mbili tatu zilizokuwa na mwaka mbaya kama ule, ambazo *hazikuwekwa* chochote. Zikishuka nazo kwa kiasi hicho hicho, bango limejisifia bure. Matuta kwa kawaida hufaulu mtihani huu vizuri kuliko bango, kwa sababu tuta halihitaji kusomwa.

Ajali zikiongezeka Desemba, ni korosho au ni mvua?

Hapa ndipo kusini kunamtesa mchambuzi. Minada ya korosho huanza Oktoba. Malori yanajaa njia ya Newala, Tandahimba, Masasi hadi bandarini. Mkulima aliyelipwa ananunua pikipiki mpya, na kijana wake anaipanda kabla ya kujifunza. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili. Ongeza likizo na sikukuu, watu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam. Vyote vinagongana ndani ya mwezi mmoja, na ukitazama Desemba peke yake huwezi kuvitenganisha hata ukiwa na kompyuta ya aina gani.

Dawa ni kutafuta miezi ambamo jambo moja lipo bila lenzake:

- Agosti: mvua hakuna, korosho hakuna.
- Oktoba: korosho imeanza, mvua bado.
- Desemba: vyote viwili.
- Machi: mvua ipo, korosho imekwisha.

Ukipanda kutoka Agosti kwenda Oktoba unaona uzito wa msimu wa mauzo. Kutoka Agosti kwenda Machi unaona uzito wa mvua. Kwa nini sikuchagua Juni badala ya Agosti? Kwa sababu ya ufuta wa Lindi. Minada yake huangukia katikati ya mwaka na malori yanarudi barabarani, na mwanafunzi asiyejua hilo atadhani amepata mwezi mtulivu.

Halafu kuna miaka ya kutenga. Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika na magari yakakwama. Ajali zikipungua katika wiki ambazo magari hayapiti, huo si usalama. Tunarudi kwenye asili.

Jedwali langu linaonyesha ajali nyingi saa nane usiku. Watu wanatoka wapi saa hiyo?

Kabla hujaandika aya nzima kuhusu usingizi wa madereva, rudi kwenye fomu za karatasi. Nina hakika nusu ya aya hiyo itakufa. Mtu anasimulia "ilikuwa saa mbili usiku". Mwandishi anaandika 2:00 usiku. Anayeingiza kwenye kompyuta anaona 2:00 na "usiku", anajaza 02:00. Ajali ya saa mbili za jioni yetu, watu wanatoka kazini na msikitini, bodaboda ndio zinachemka, imehamishiwa saa nane za usiku wa manane. Kosa la saa sita kamili, na linaelekea upande mmoja daima, kwa hiyo halijifuti hata ukiwa na maelfu ya kumbukumbu.

Namna ya kulikamata: chora idadi ya ajali kwa kila saa. Ukiona kilima saa moja na saa mbili za usiku, halafu kilima kidogo cha umbo lile lile saa sita baadaye, pacha huyo ni wa kutiliwa shaka. Linganisha na saa ya kupokelewa hospitali. Majeruhi hawezi kupokelewa saa tatu usiku kwa ajali iliyotokea saa nane za usiku huo huo.

Katika dodoso lako usiulize saa. Uliza: kabla ya magharibi au baada? Kabla ya isha? Watu wanakumbuka adhana kuliko saa.

Ajali ndogo za bodaboda hazifiki polisi. Tunajuaje zilizofichika?

Wengi humalizana kienyeji: aliyegonga analipa taa na dawa, yamekwisha. Anayekwenda kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, ni yule aliyeumia vya kutosha kuhitaji matibabu, au anayetaka kesi.

Kuna hesabu inayotumiwa na watu wanaohesabu samaki. Unahitaji orodha mbili za majeruhi wa kipindi kimoja, ya polisi na ya hospitali. Kwa namba za kubuni: polisi wana 40, hospitali ina 60, na majina 24 yapo kote kuwili. Hospitali imewanasa 24 kati ya 40 wa polisi, yaani asilimia 60. Basi wale 60 wake huenda ni asilimia 60 ya majeruhi wote, na wote ni kama 100. Orodha zote mbili kwa pamoja zina watu 76. Wengine 24 hawakuonekana popote.

Tahadhari mbili. Mwenye majeraha makubwa huingia kwenye orodha zote mbili kwa urahisi, hivyo jibu lako litakuwa pungufu kuliko ukweli. Na majina: Hamisi wa polisi ni Khamis wa wodini. Linganisha pia umri, tarehe na kijiji.

Kati ya mambo yote, lipi lina ushahidi mzito kuliko mengine?

Mwendo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Watu husikia hivyo na kutingisha kichwa, kwa hiyo mimi hupima hatua barabarani.

Mtoto anakatiza mbele. Dereva yeyote anahitaji kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujafika kwenye breki. Aliye kwenye kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kupita kwenye makazi, atakuwa ametembea mita 21, kisha kwenye lami kavu atahitaji nyingine 14. Amesimama kwenye mita 35. Aliye kwenye 80, kufikia mita 33 ndio kwanza anagusa breki. Pale mwenzake aliposimama, yeye anapita akiwa bado na karibu 80. Atasimama kwenye mita 69 hivi, na lami ikiwa imelowa, karibu na 95. Hesabu hizi ni za gari lenye breki nzima. Magari yetu unayajua.

Ndiyo maana trafiki na tochi yake ya kupimia mwendo wanafaa kuliko wanavyopendwa, ingawa madereva wakishapeana taa za ishara mwendo hupungua kwa umbali wa kilomita mbili tatu tu na kurudi kule kule. Ukipima mwendo kwa utafiti, usikae karibu na tochi.

Na kofia ngumu?

Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, yalikuta kwamba kofia hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Jihadhari tu unapotumia data za hospitali peke yake: aliyefia barabarani hakufika wodini, na aliyeokolewa na kofia hakuhitaji kufika. Umebaki na walio katikati.

Ajali zimeongezeka kwa asilimia mia kijijini kwetu! Tuite mkutano?

Kutoka ngapi hadi ngapi? Zikiwa kutoka 3 hadi 6, subiri. Kanuni ya haraka: toa ndogo kwenye kubwa, kisha linganisha na kipeuo cha pili cha jumla yao. Hapa tofauti ni 3, jumla 9, kipeuo chake 3. Tofauti ikiwa chini ya mara mbili ya kipeuo hicho, bahati yaweza kueleza. Kutoka 30 hadi 60 ni habari nyingine: tofauti 30, kipeuo ni 9 na ushee. Hapo ita mkutano.

Nitumie regresheni ipi (hesabu ya kupima jambo moja linavyobadilika na mengine) kwenye tasnifu?

Ukihesabu ajali kwa kila kipande cha barabara au kila mwezi, anza na regresheni ya Poisson, na uingize wingi wa magari ndani yake kama asili. Karibu kila mara utakuta mtawanyiko ni mkubwa kuliko wastani. Hapo hamia regresheni ya binomia hasi, inayoruhusu mtawanyiko huo. Ikiwa unachouliza ni kama majeruhi alikufa au alipona, tumia ya logistiki. Kai-mraba, jaribio la kulinganisha idadi za makundi, ni ya kupeleleza mwanzoni, isiwe sura nzima ya matokeo. Na usiingize vigezo kumi na tano kwenye ajali sitini. Msimamizi anaweza kuvutiwa na wingi wa safu, lakini modeli itakupa chochote utakacho.

Mabasi kuruhusiwa usiku tangu 2023 kumeongeza ajali?

Usijibu kwa kulinganisha 2022 na 2024 za usiku tu, maana safari za usiku zenyewe zimeongezeka. Uliza kwa kila safari, na tazama mabasi yaliyoondoka mchana yamepungua kiasi gani.

Mimi ni mtendaji wa kijiji, sina kompyuta. Nianzie wapi?

Daftari la mistari, kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto kila ajali, hata ya kuchubuka goti: tarehe, kabla au baada ya magharibi, mahali kwa jina ambalo wanakijiji wanalitumia ("kwenye mwembe wa shule"), vyombo gani, mvua au kavu, kofia au hakuna, alipelekwa wapi na kwa usafiri gani. Usiandike majina ya watu, wala safu ya "aliyekosa", la sivyo wiki ya pili hakuna atakayekuja kukupa habari.

Upande wa kulia, siku moja kila mwezi, siku ya gulio na siku isiyo ya gulio kwa zamu, kaa saa mbili kando ya barabara na uhesabu vinavyopita. Saa hizo hizo kila mara. Nenda na kiti, na maji ya kunywa.